Chini Yenu Ndiko Juu Yetu

Kijijini Kwa Kiilu,
4 Juni 1977

Kaka Jonah,

Salamu zipande mpaka huko Kilungu kwenye baridi, zikukute mzima wewe, mke wako Muthoki na mama yetu. Mama aambiwe apumzike, ingawa najua hatasikia. Sisi huku bondeni tupo, ila mtoto anahara tangu wiki jana. Ndiye tuliyempa jina la baba, Musembi, na akilia naona kama nimemkosea baba mwenyewe.

Mto umekauka, kwa hiyo tunachimba visima mchangani kama kila mwaka. Lakini safari hii maji ni rangi ya chai na yananuka uozo. Ng'ombe wanayanusa na kugeuka. Muuguzi wa zahanati aliniuliza kama mifugo inakunywa kisimani kwetu na kama choo kiko karibu. Nikamwambia kisima kimezungushiwa miiba na choo kiko mbali. Akauliza, "Na huko juu kuna nini?" Nikakumbuka kiwanda chenu cha kumenya kahawa. Maji yake mnayapeleka wapi?

Dada yako,
Nthenya


Kilungu,
17 Juni 1977

Dada Nthenya,

Barua yako imefika tukiwa salama. Mama amepumzika kwa kupalilia maharagwe yote. Pole kwa Mzee Musembi, mchemshie maji.

Ila kiwanda unakionea. Baba alitufundisha kwamba watu huchota juu, ng'ombe hunywa chini yao, na kufua ni chini zaidi. Nikiwa mwanakamati, nilisimamia mwenyewe kiwanda kijengwe chini ya mahali tunapochota, na maji yetu hayajaguswa hata kidogo. Tena mchanga unachuja kila kitu. Tazameni dawa ya pamba huko kwenu. Nasikia watu wanaoshea pampu za kunyunyizia mtoni.

Ndugu yako,
Jonah


Kwa Kiilu,
2 Julai 1977

Kaka,

Nakusalimu, na mama pia. Hapa sisi si wazima sana.

Kwa pamba umesema kweli. Tulimkuta Kisilu akisuuza pampu hatua chache kutoka kisimani. Tukamkataza, naye ni mtu wa kusikia, sasa anaisuuza shambani mbali na mto. Lakini harufu iko pale pale. Nachemsha mpaka kuni zinakwisha, na yakichemka ndiyo yananuka zaidi. Mchanga unazuia tope, kaka. Mimina maji ya chumvi mchangani uone kama yatatoka bila chumvi.

Na neno la baba nimeliwaza sana. Chini yenu ndiko juu yetu. Baba alikuwa anafundisha kijiji kimoja, hakujua binti yake ataolewa chini ya mto. Muuguzi anasema dawa ni kuchimba mashimo mbali na mto, maji ya kahawa yazame humo, na maganda yaoze yawe mbolea. Waambie kamati, nakuomba. Musembi amekonda hata jirani anaogopa kumbeba.

Dada yako,
Nthenya


Kilungu,
20 Julai 1977

Dada,

Pokea salamu zetu sote. Mama anakuombea kila asubuhi.

Niliwaambia kamati. Mwenyekiti, Mzee Muthama, aliniuliza kama siku hizi nimeoa huko bondeni, wakacheka. Baadaye walikubali kwamba neno lako lina haki, lakini huu ni wakati wa kuchuma na hakuna mikono ya kuchimba. Wamesema Septemba. Nami nilinyamaza, sitakuficha. Vumilia mpaka Septemba.

Ndugu yako,
Jonah


Kwa Kiilu,
28 Julai 1977

Jonah,

Salamu. Mtoto hawezi kungoja Septemba.

Nimeongea na kina mama wa mwethya wetu, wale tunaolimiana kwa zamu. Kama kinachokosekana huko ni mikono, sisi tunayo. Jumanne tarehe 9 Agosti tutapanda na majembe yetu. Unajua mwenye kazi ndiye hupika. Mwambie Muthoki ateleke isyo ya kutosha, mahindi yawe tele na maharagwe asiyabanie.

Nthenya


Kilungu,
10 Agosti 1977

Nthenya, dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi.

Kina mama walifika jana asubuhi. Sijawahi kuona mwethya usioimba, nikadhani ni uchovu wa mlima. Walikwenda moja kwa moja kando ya kiwanda wakaanza kuchimba. Muthama akawaambia hakuna aliyewaita. Mumbua, aliyewaongoza wenzake, hakuinua hata kichwa. "Wewe pima kahawa yako, baba," akasema. "Sisi tunachimba." Wanaume wakasimama na vikapu vyao. Kisha mmoja akaenda kuchukua jembe, na wengine wakamfuata, Muthama wa mwisho.

Mimi nilikuwa nakutafuta. Nilidhani uko nyuma kwa sababu ya mtoto. Wakati wa kula nikamuuliza Mumbua, naye akaweka sahani chini. Akaniambia mlimzika Musembi Jumapili. Wao walitaka kuahirisha, wewe ukakataa. "Alisema twende," akaniambia, "kuna watoto wengine wanaokunywa."

Mashimo yamekwisha, na maji ya kahawa hayaendi tena mtoni. Najua muuguzi hawezi kusema ni kahawa peke yake. Ningeweza kujificha hapo, lakini sitaki. Ulinieleza vizuri, nikaelewa, halafu nikaogopa kuchekwa.

Barua hii anakuletea Mumbua. Mimi na mama tunashuka kesho. Ukiona vyema kunifungia mlango, nifungie mimi. Mama mfungulie.

Ndugu yako,
Jonah