Ng'ombe ya Kapiteni

Jumatano, 4 Juni
Mazoezi mara mbili tena. Asubuhi mupira wa miguu, jioni voleyi, ule wa wavu. Magoti yanawaka. Kochi anasema kapiteni wa timu mbili achoke mara mbili. Anajiona muchekeshaji.
Mwezi wa saba binti mumoja wa shule yetu ataenda Kigali kujaribiwa na timu ya voleyi. Akipita, anabaki kule, anasoma kule. Kochi amesema ni mimi. Sijawahi kutaka kitu hivi.
Divine, mwenzetu wa voleyi, ameshinda kwenye benchi akijipaka mafuta ya midomo. Sina shida naye. Hachezi, hasumbui.

Jumapili, 8 Juni
Sikukuu ya bazazi shuleni. Nimepewa kombe ya bidii na uongozi. Direkta alihubiri mpaka batoto bakalala.
Halafu Mzee Gaspard akasimama. Baba ya Divine, mwenye malori ya Bukavu, mukubwa wa kamati ya bazazi. Akatoa ng'ombe, mutamba muzima, kwa sababu yangu. Lakini kamba akaiweka mukononi mwa Papa, baba yangu.
Papa alilia mbele ya bantu. Alizaliwa Bukavu, ukimbizini. Tangu tuvuke mupaka kurudi kwetu Mururu, majirani banatuita Bakongomani. Leo eko na ng'ombe kama mwenyeji. Nilijivunia, kwa nini nidanganye.

Jumatano, 11 Juni
Desturi ni hii: aliyepewa ng'ombe anaapa kwa jina ya aliyemupa. Papa amekolea. Chumvi iko wapi, Gaspard alinipa ng'ombe! Nani amechukua ndoo, Gaspard alinipa ng'ombe! Maman amemuomba angalau akule kimya.
Majani yake nakata mimi, alfajiri, mbele ya mazoezi.

Jumamosi, 14 Juni
Gaspard amekuja. Amekunywa pombe ya ndizi yetu, amesifu mukono wangu, amesifu miguu yangu. Akasema Divine naye anapenda sana Kigali. Basi. Hakuomba kitu. Aliyetoa ng'ombe haombi.
Alipoondoka, Papa hakuniangalia.
"Utabaki," akasema. "Mwenye kukupa ng'ombe, humunyimi kitu."
Nikamwambia ile ng'ombe imetoka kwa jasho yangu. Airudishe. Akanipiga kofi. Akasema kurudisha ng'ombe ni kutangaza uadui, na yeye hatarudi kuwa Mukongomani kwa sababu ya mupira. Maman aliendelea kuchagua maharagwe.
Ninabachukia. Papa na Maman, bote babili.

Jumapili, 15 Juni
Misa. Sikuomba kitu.

Jumatatu, 16 Juni
Kochi naye amekubali Divine aende. Gaspard ndiye analipia basi la timu, atasema nini? Lakini hakutaka kuitangaza yeye. Ati niseme mwenyewe, kiongozi anajua kuachia bengine nafasi. Nikasimama katikati ya tereni, pale uwanjani, nikasema nimemuachia Divine kwa hiari yangu. Bakapiga makofi. Muoga yule akasema, umeona, huo ndio uongozi.
Divine akanikumbatia. Ananukia vizuri. Akaomba jezi yangu iwe ya bahati. Nikamupa. Sikuifua.

Jumatano, 2 Julai
Amepanda basi ya Kigali. Timu nzima ilimusindikiza na nyimbo. Mimi ndiye nilianzisha, kapiteni ni kapiteni.
Mutamba umekula kitambaa ya Maman ya kanisani. Papa ameusamehe palepale. Mimi hajanisemesha tangu ile kofi.

Jumatano, 9 Julai
Divine amepiga simu. Analia. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujaribiwa, na kila akipiga simashi mupira unamupita. Banamucheka. Hakumwambia baba yake, ameniambia mimi.
"Kapiteni, niruke saa gani?"
Nimemwambia aruke mapema, mupira ukiwa bado kwa mikono ya mwenye kupasi. Anayeruka hivyo, mupira ukifika yeye ameshashuka. Hata batoto ba shule ya musingi banajua.
Akauliza mara mbili kama ni kweli. Nikamwambia aniamini. Akashukuru, akasema hakuna kapiteni kama mimi, na Mungu anibariki.
Mvua imenyesha kidogo mchana. Majani ni laini, nimekata mizigo miwili bila kuchoka. Papa yuko nje na jirani, anaapa. Maman ameniita nikule, kuna sombe ya majani ya muhogo na samaki kidogo.