Binti Yangu Anataka Kudubla Hesabu

Mpendwa Shangazi Agathe,

Nakuamkia kwa heshima, na kama una nafasi katikati ya wake wanaolalamikia waume na waume wanaolalamikia mashemeji, naomba unisaidie na mimi, maana yaliyonifika ni makubwa na usingizi sina. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, binti, anaitwa Aurélie, ana miaka ishirini, anasoma chuo cha ufundi, FET, hapa Durban, na mpango wetu tangu tulipotoka Uvira ni kwamba aanzie pale chuoni kisha ahamie chuo kikuu awe ingénieur wa umeme, na mimi si mtu wa kubahatisha kwenye mambo ya shule, nyumbani nilikuwa mwalimu wa jiografia kabla vita haijanileta huku kufungua na kufunga geti la kiwanda cha rangi mtaa wa Jacobs, kwa hiyo masomo yake nimeyapanga mimi mwenyewe.

Mwalimu wao alikuwa amempangia hesabu, sayansi, mchoro na somo la umeme, manne tu, basi, nikaona huyu mwalimu hajui kumsaidia mtoto. Shangazi, wewe ni mtu wa kwetu, unajua kwamba anayepita darasa ni mwenye asilimia nzuri kwa jumla, nikamwambia lile somo la umeme aliache kwanza kwa sababu ni gumu na litamshusha, achukue kompyuta na mawasiliano, ambayo ni mepesi, ya kumpandisha. Na matokeo yalitoka kama nilivyosema, kompyuta 94, mchoro 91, mawasiliano 88, sayansi 64, na hesabu 43, ambayo nayo amepita maana pale chuoni arobaini inatosha. Nikajumlisha nikagawa, asilimia 76, distinction kabisa. Jumapili nikatoa shukrani kanisani, mchungaji akamwita mbele akamwekea mikono, na tangu siku ile kanisa zima wanamwita Ingénieur, na mimi wananiita Papa Ingénieur.

Sasa sikia. Chuo kikuu wamejibu kwamba hawamchukui, hesabu wanataka sitini, tena wanauliza somo la umeme liko wapi. Nikasema hilo ni jambo la watu kuongea. Nikavaa koti, nikaenda chuoni kumwona mkuu wa idara, nikamwomba kwa adabu wafanye délibération, yaani walimu wakae pamoja, wamwangalie mtoto kwa ujumla wake, watoe kidogo kwenye kompyuta waongeze kwenye hesabu, kama inavyofanyika kwenye shule zenye akili. Yule mama akaniangalia, akasema, "Eish, Baba, no." Nikamweleza mara ya pili, polepole. Akatuma mtu amwite Aurélie kutoka darasani, na yule mtoto badala ya kunitafsiria akasema mbele ya watu, "Papa, tuende. Huku haiko délibération. Kila somo iko na pointi yake."

Jioni ndiyo akatoa kubwa zaidi. "Papa, nitadubla math. Na ile ya umeme nitaikamata. Ni trimestre moja tu." Kudubla, Shangazi. Mtoto mwenye distinction anataka kurudia, kama wale waliokuwa wanakaa nyuma darasani wakila karanga. Nitawaambia nini watu kanisani? Na anayemtia maneno haya namjua, ni kijana mmoja Mrundi, Gaël, ambaye mwenyewe alidubla hesabu mara mbili bila haya, sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu anasoma mambo ya mitambo, ndiye anayemwambia kwamba kudubla si kitu. Mtu kama huyo atamshauri nini mtoto wa watu?

Nikakataa. Nikachukua makaratasi yake, ya ukimbizi na ya matokeo, nikayafungia mahali salama mpaka akili imrudie, maana bila hayo hawawezi kumwandikisha, na uandikishaji unafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Naye akachukua begi akaenda kwa dada yangu Joséphine, Queensburgh, na simu yangu hapokei. Mama yake akirudi kutoka kuuza nguo Isipingo ananipikia vizuri lakini haongei. Sasa nimepanga Jumatatu nirudi chuoni na mchungaji pamoja na mwenyekiti wa jamii yetu, watu wazima watatu wenye suti, tuombe délibération rasmi. Naomba ushauri wako, tutangulize barua au twende moja kwa moja? Na nifanye nini huyu mtoto arudi nyumbani na arudi kwenye akili yake?

Ni mimi,
Papa Ingénieur, Jacobs

*

Papa Ingénieur,

Majina ya barua yako nimeyabadilisha, kwa sababu wewe uliyaandika yote pamoja na ya ukoo, bado kidogo uambatanishe picha. Ukiona hapo juu mwanao anaitwa Aurélie, ujue nimemsitiri, maana naona hiyo kazi imekosa mtu.

Nianze na swali lako la barua. Msiandike, na msiende. Mkuu wa idara alishakusikia mara mbili, ya pili polepole. Akiona wanaume watatu wenye suti wanaingia na mchungaji wao, atadhani mmeleta posa.

Hiyo délibération unayoililia naijua. Nilifundisha sekondari Bukavu, nimekaa kwenye vile vyumba, nimeona mtoto mwenye thelathini ya fizikia akivushwa na dini na mazoezi ya viungo. Kule ilikuwa na maana yake, kwa sababu unavuka darasa na vyote au unabaki na vyote. Huku kila somo linavuka peke yake, kama mtu kwenye robot, zile taa za barabarani. Taa yako ikiwa nyekundu, haikusaidii kitu kwamba ya barabara ya pembeni ni kijani. Mwanao alikueleza haya kwa maneno machache na kwa Kiswahili cha nyumbani, wewe ukaona amekosa heshima.

Kwa hiyo ile asilimia 76 hakuna mtu katika Afrika Kusini nzima aliyekuomba. Umeipika mwenyewe, umeipakua mwenyewe, ukaenda kuishukuru kanisani. Chuo kikuu wakiangalia wanaona hesabu iliyopungua na nafasi tupu mahali pa umeme. Na hapo ndipo nilipoweka barua yako chini nikaenda kuchemsha chai. Ulimtoa mtoto kwenye somo la umeme ili awe injinia wa umeme. Nilisoma mara ya pili nikidhani ni mwandiko. Mwalimu wake alimpangia masomo manne kwa sababu alijua anakoelekea, ukaja wewe na jiografia yako ukampoteza njia. Siku akishika waya wenye moto, ule waya hautamuuliza alipata ngapi kwenye mawasiliano.

Tuje kwa yule kijana mbaya, Gaël. Nimemtafutia kosa kwenye barua yako sijaliona. Alirudia hesabu mara mbili na sasa yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Yaani katika watu wote waliotajwa humu, ukiweka mchungaji, mwenyekiti, wewe na hata mimi, ni yeye peke yake aliyekwisha kupita njia ambayo mwanao anaitaka, na ni yeye peke yake uliyeamua asisikilizwe. Hongera kwa uteuzi. Kama unaogopa kuna jambo lingine kati yao, uliza jambo hilo, usilipitishie kwenye hesabu.

Na hiyo kudubla inayokunyima usingizi, elewa kwamba harudii darasa, anarudia somo. Wale wa kukaa nyuma wakila karanga hawapo. Humo atakutana na mafundi wa viwandani wenye ndevu, wametoka shifti, wanataka tu wapate alama zao waende. Hakuna atakayemcheka. Wa kucheka wako kanisani, na hao uliwaalika wewe kabla ya wakati.

Sasa kuna jambo ambalo sina mzaha nalo. Umesema makaratasi yake uliyafungia mahali salama. Salama kwa nani? Wewe ulilala kwenye foleni kwa ajili ya karatasi ile, unajua mtu asiyekuwa nayo ni nani katika mji huu. Leo askari akimsimamisha Queensburgh ataonyesha nini, distinction? Umemnyang'anya mwanao kitu ambacho sote tulivuka mipaka kukitafuta, ukaandika katikati ya barua kama mtu anayesema amehamisha kiti. Hilo limeniudhi. Ningeliandika kwa kalamu nyingine kama ningekuwa nayo.

Kinachokuuma nakijua, na kwa hilo sikucheki. Miaka yote hii pale getini wanakuita boss, wanakuita wena, yaani wewe, wengine wanapiga honi tu. Hakuna anayejua kwamba ulikuwa Mwalimu, na kwamba watoto walikuwa wanasimama ukiingia. Halafu Jumapili moja kanisa zima linakuita Papa Ingénieur, na kwa mara ya kwanza tangu Uvira unasikia umeitwa jina la mtu. Lazima ilikuwa tamu. Ningekuwa mimi ningeisikia masikioni mpaka Jumatano. Lakini jina hilo umelivaa kabla mtoto hajalipata, na yeye ndiye anayeingia mle kila Jumapili akiitikia "Ingénieur" huku anajua hajafika. Hesabu ni ngumu, lakini bado inafundishika. Hilo la kuitikia ndilo lililomfungisha begi.

Basi fanya hivi. Gazeti hili linakufikia Jumamosi. Leo hiihii chukua makaratasi yote, pamoja na ya matokeo, upande taksi uende Queensburgh peke yako. Ukimkuta, mpe mkononi. Usihutubie, usimwambie umemsamehe, maana hajakukosea. Dada yako akikupa chai kunywa, asipokupa shukuru kwamba amekufungulia mlango. Mchungaji abaki kwake ajiandae na mahubiri.

Jumatatu mtoto aende vyuo vikuu, na isiwe kimoja, hata viwili vitatu, kwa sababu kila kimoja kina masharti yake. Aulize kitivo kinachofundisha umeme wanataka masomo gani, kila moja kwa alama ngapi, na watampokea kuanzia mwaka gani. Aombe wamwandikie, ili kesho asije akaambiwa hivi na keshokutwa vile. Akiwa na majibu hayo arudi chuoni kwa yule mwalimu uliyemdharau, waangalie pamoja ni nini kinakosekana, kisha ajiandikishe kabla ya Ijumaa. Kwa ninavyoona ni hesabu na somo la umeme, na asiongeze lingine hata moja. Kompyuta anaijua, na mawasiliano inaonekana anayaweza kuliko baba yake. Mipango ya namna hii huanzia kule mtu anakotaka kufika, kisha inarudi nyuma mpaka hapa alipo. Wewe ulianzia kwenye kile kilichokuwa chepesi, ndiyo maana mmefika haraka mahali ambapo si penyewe.

Kazi yako katika mpango huu ni ndogo lakini itakutoa jasho, nayo ni kutokupanga kitu. Jioni akisoma, zima redio. Akikosea kazi ya nyumbani, usimweleze habari za mito ya Kongo. Na kama hiyo sitini haitapatikana mara ya kwanza, atarudia tena, nawe utamsindikiza mpaka kituo cha taksi kama baba wengine.

Kesho kanisani, kama yeye mwenyewe ameridhia, omba dakika moja usimame palepale ulipotolea shukrani. Sema, "Nilitangulia. Mwanangu bado anasoma, anarudia hesabu, naomba mmwite Aurélie." Ukae. Ukiona maneno hayo yanakukwama kooni, ujue na yeye yalimkwama hivyo alipokuambia, na bado aliyasema.

Wewe watakuita Papa Ingénieur tu, watu wakishazoea jina hawaachi. Waache waite. Wa kukuita hivyo ni kanisa zima. Anayekuita Papa bila kuongeza kitu ni mmoja hapa Durban, na wiki hii hapokei simu yako.

Shangazi Agathe