Mapendo, Binti Niliyemfundisha Kutii

Mwanangu Mapendo,

Bahati, mdogo wako niliyekuwa nikimbeba mgongoni, leo amefungua redio ya baba yenu. Skrubu ziko mkekani, nyaya ziko mkekani, na yeye amekaa katikati ananiambia eti atairudisha ikiwa nzima. Sikumpiga. Nilitoka nje nikalia, kisha nikaona afadhali nikuandikie wewe, na mwenye kutaka kusoma asome.

Wewe ulikuwa na mikono ya namna hiyo. Tulipokuwa tunakaa Mulongwe ulikata matete ukatengeneza gurudumu, ukalitega mtoni, likazunguka lenyewe. Watu wazima waliacha kufua wakatazama. Ukaniuliza, "Mama, juu ya nini muto haichokake?" Nami, kwa akili yangu yote, nikajibu, "Weye, maulizo yako iko mingi. Leta maji."

Uhuru ulipofika, kila mzazi Uvira alimwona mwanawe yuko tayari ofisini. Wazungu wanaondoka, viti vinabaki, nani atavikalia? Nilikuwa na hakika kimoja ni chako, na niliona kiti cha namna hiyo kinataka mtoto mtulivu. Samaki mkunje angali mbichi, nilisema, nami muuza ndagala nikakukunja. Gurudumu lako nililitia motoni. Ulipouliza, kofi, ulipotoka bila ruhusa, fimbo. Riziki, binti wa jirani, nilikukataza kucheza naye kwa sababu alikuwa haambiliki. Baada ya miaka michache majirani wakakusifu: Mapendo akiambiwa kaa, anakaa. Nilijivuna sana, mwanangu. Nilitembea sokoni kichwa juu.

Kisha uasi dhidi ya serikali ukatufikia. Asubuhi ile tulikuwa Kalundu, kando ya ziwa, ndagala zimeanikwa mchangani, na Bahati nilikuwa nimemwacha kwa nyanya yenu Mulongwe. Risasi zikalia upande wa mjini. Nilikuambia, "Ikala apa mpaka nirudi. Usitoke," nikakimbia kumfuata mdogo wako. Wenye bunduki wakafunga njia nyuma yangu. Niliporudi siku ya pili, vita vilikuwa vimeshapita ufukweni, na wavuvi walikuwa wamekuzika. Walinionyesha mahali.

Miezi mingi nilijifariji kwamba hukupata njia ya kukimbia. Halafu mama yake Riziki akarudi kutoka Burundi, akaketi mlangoni kwangu, akashindwa kunywa maji niliyompa. Mtumbwi wao wa kukimbilia ng'ambo asubuhi ile ulikuwa na nafasi. "Nilimwita, Mama Mapendo. Nilimushika mpaka mukono. Akasema, 'Miye nabakia. Mama alisema nisitoke.'" Riziki hakungoja kuambiwa, aliposikia risasi aliruka mtumbwini kabla ya mama yake. Leo ameolewa, na bado haambiliki. Nikimwona njiani nampenda na namchukia saa ile ile.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, husema wenye watoto waliokua. Mimi nilikulea kwa ajili ya kiti, dunia ikaja na bunduki. Hakuna mzazi anayejua kesho italeta nini, na laiti ningalikiri hilo, ningalikuachia akili yako uitumie. Ulikuwa na akili ya kutosha kupanda mtumbwi. Mimi ndiye niliyekunyang'anya, kidogo kidogo, nikidhani nakulea.

Sasa Bahati akinibishia nauma mdomo. Akiuliza namjibu, na nisipojua nasema sijui. Nimemwambia: nikikuagiza jambo nawe ukaona hatari, usinitii, kimbia. Alicheka, akadhani natania. Nilimshika mabega nikarudia mpaka akaacha kucheka.

Mapendo, naogopa kukufikiria huko uliko, kwa maana nakujua. Wewe utakuwa umekaa palepale, unaningoja. Basi nisikie. Nimerudi, mwanangu. Nimechelewa, lakini nimerudi. Toka hapo sasa. Nenda unakotaka, na usiniombe ruhusa.

Ni mimi,
mama yako.