Mbayuwayu Bado

Jumapili, 15 Machi

Nyuki bambi wa kwanza! Malkia mzima, mnene, ana manyoya, anayumba juu ya maua ya uani. Nilikimbia ndani kumwambia Baba. Pongezi? Thubutu! “Mkia rangi gani?” Mweupe, nadhani. “Nadhani haiandikwi, Nerys.” Miaka themanini na tisa, miguu imemgomea, ulimi bado mzima. Nikarudi kwenye baridi kumtafuta tena. Mweupe. Ndipo akaandika katika daftari lake la mezani, la ndege na wadudu wa kila mwaka.

Jumamosi, 21 Machi

Muuguzi kaja. Chumba cha Baba kimepatikana katika nyumba ya wazee mjini. Watakishikilia mpaka Ijumaa, tarehe 24 Aprili, basi. Rafiki yangu Beti naye kapiga simu kutoka Cardiff — kitanda kipo, kazi ya kuoka keki ipo, nangojwa mimi tu. Miaka kumi na moja nimo ndani ya nyumba hii, namtunza Baba!

Baba alitazama zizi kupitia dirisha. Kisha akasema, mbele ya muuguzi: mbayuwayu akirudi zizini kutoka kusini, nipelekeni mtakako. Si kabla.

Jumanne, 7 Aprili

Ndege sululu wawili bondeni. Bambi watatu, mmoja mkia mwekundu. Mbayuwayu — hakuna. Shingo inauma.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Hakuna. Eluned wa shamba la pili anasema kwake wamefika tangu juzi. Baba: “Zizi la Eluned ni la Eluned.”

Ningeweza kudanganya. Lakini baba mdogo Emyr aliwahi kuandika ndege ambaye hakumwona, na Baba hakusema naye mpaka tukamzika. Nimelelewa hivyo. Siwezi. Najichukia kwa kutoweza.

Ijumaa, 17 Aprili

Bambi kaingia chumbani kwa Baba, anajigonga kwenye kioo. Nikamfunika kwa glasi, nikamtoa nje. Akaondoka bila kugeuka. Nilimwonea wivu, nyuki! Baba alikuwa akinitazama mimi. “Umechoka, mwanangu.” Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimebadilisha shuka zake. Chini ya mto — daftari. Si lile la mezani. Dogo, la siri, mwandiko unatetemeka:

“Aprili 9. Mbayuwayu, mmoja. Aliingia zizini saa nne na robo asubuhi, akatoka. Nerys yuko dukani.”

Wiki mbili! Wiki mbili nazunguka uani nimeinua uso kwenye mvua, na yeye ananitazama kupitia dirisha! Kunificha aliweza. Kuacha kuandika ndiko kulikomshinda mzee huyu.

Nilitaka kumtupia usoni. Yeye kasinzia kwenye kiti, mdomo wazi, darubini mapajani, kaishika kwa mikono miwili. Anaogopa. Baba yangu anaogopa! Nikakaa kitandani pake nikalia, kwa hasira, kwa huruma, sijui. Kisha nikalirudisha daftari chini ya mto.

Naandika haya jikoni. Ameamka, anaita: “Nerys! Umemwona?”

“Bado, Baba.”

Na si uwongo. Mimi sijamwona.

Akashusha pumzi — nimeisikia mpaka huku. “Basi tutangoja,” anasema.

Simu inalia. Namba ya muuguzi. Kesho ndiyo Ijumaa. Baba anauliza mbona sipokei —