Kibao cha Jina la Jigdrel

Shongmari,
Trashigang, Bhutan.
2 Aprili

Mpendwa mwanangu Yeshi,

Kwanza nipe hali yenu. Kile kifua cha mumeo Kuenga kimepoa, au bado anakohoa na kusema si kitu? Na wewe, bado wanakupanga zamu za alfajiri kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee? Ukichoka, kaa. Mwambie mwanao Jigdrel kwamba yule ng'ombe mweupe aliyemwona kwenye simu amezaa ndama jike, na hajapewa jina, anamngoja yeye achague.

Mimi mzima. Goti linanisumbua nikipanda mlima, nikishuka halisemi neno, kwa hiyo ningepata njia ya kushuka tu maisha yangu yangekuwa mazuri. Mama yako, huyu mdogo wangu, bado yuko Thimphu kwa kaka yako, analea wajukuu. Alisema anakwenda kwa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa pili.

Barua hii anakuletea Choki, binamu yake Kuenga, anayepanda ndege wiki ijayo. Ningeweza kukupigia simu, lakini ndani ya bahasha kuna kitu nilichokifunga kitambaani, kisichopita kwenye simu. Tena nina kosa la kukuungamia, na nikikuona uso nitalipunguza makali. Usikifungue kile kitambaa kwanza. Soma.

Huku lango la mpaka wa kusini lilifungwa siku nne kwa sababu wenzetu wa India walikuwa na uchaguzi wao. Vitunguu vikaisha dukani siku ya pili, na mwenye duka akaanza kutembea kifua mbele kama waziri. Redioni wanazungumza sana habari za mipaka yetu, wa kaskazini na wa kusini, nani kakutana na nani na wamekubaliana nini. Mimi nasikiliza nikipukuchua mahindi. Kwangu mpaka unaouma ni uwanja wa ndege wa Paro, maana hapo ndipo watu wetu wanapotupotea.

Uchaguzi wa gup wetu, mkuu wa kata, nao umepita. Mgombea mmoja alifika mpaka kwa Meme Ugyen, yule babu jirani yetu, akamwahidi, "Meme, barabara itafika mlangoni kwako."

Mzee akamjibu, "Ilete. Ila iwe ya kwenda na kurudi. Hii tuliyopewa mwanzo naona inakwenda tu."

Yule kijana alicheka, na kura akapata. Ndiye gup sasa.

Sasa kosa langu. Unajua mkutano wa kijiji ulivyo, nyumba ikiitwa lazima iitike. Mimi nimeachiwa funguo za nyumba nne, yako ikiwemo, na kila mkutano naziitikia zote pamoja na yangu. Huwezi kusimama mbele ya wakubwa bila rachu begani, na sioni kama ni adabu nyumba ya mtu isimame imevaa mtandio wa nyumba nyingine. Kwa hiyo nabeba kikapu. Ikiitwa nyumba, navaa rachu yake, naitikia, nakaa, navua, naivaa nyingine. Kwenye mkutano wa mwisho Meme Ugyen aliniuliza mbele za watu, "Abi Nidup, leo wewe ni wanawake wangapi?"

"Watano," nikamwambia, "na wote wamekukataa."

Tulicheka, kisha gup akasimama na kicheko kikaisha. Shule yetu ina watoto saba. Afisa elimu wa wilaya anataka kumi, la sivyo inafungwa, na wale saba watapelekwa bweni kule bondeni, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mdogo wao ana miaka sita. Gup akasema kila nyumba itakayoitwa itaje mtoto itakayemleta.

Zikaitwa nyumba kumi na mbili. Zote ziliitika, na zote hazikuwa na mtoto. Nilikuwa natazama wale wazazi wa watoto saba, jinsi walivyokuwa wanahesabu kwa vidole chini ya nguo. Ndipo ikaitwa nyumba ya Yeshi Lhaden. Nikavaa rachu yako, ile yenye maua uliyovaa siku ya harusi, nikasimama, na mdomo ukanitangulia.

"Jigdrel. Ana miaka sita. Anakuja."

Yeshi, sikuwa nimekusudia. Lakini nilipokwisha kusema sikukaa chini kusema nimekosea. Baada yangu nyumba mbili nyingine, ambazo watoto wao nao wako mbali kama wako, zikataja majina. Kumi ikatimia. Watu wakapiga makofi, na mama mmoja akanishika mikono akalia.

Mwalimu Chogyel akapigilia misumari kumi ukutani ya kutundikia mikoba, na juu ya kila msumari akaweka kibao alichokichonga mwenyewe, chenye jina la mtoto. Nilipeleka maziwa shuleni nikaliona jina la mwanao pale. Aibu iliyonipata siku ile sijawahi kuipata. Nilimwita pembeni nikamweleza yote.

Akasema, "Abi, Yeshi nilisoma naye. Kila siku naziona picha za mwanawe, kavaa sare ya huko na kofia pana. Nilijua toka siku ya mkutano."

"Sasa ulichonga cha nini?"

"Nilitaka kuona watoto kumi wanavyokaa ukutani."

Nikamwachia maziwa, nikarudi nyumbani.

Wakati huo kulikuwa na watoto watatu wanaosimama dirishani kila asubuhi. Ni wa kambi ya wajenzi wa barabara, wazazi wao wametoka India kuvunja mawe. Baridi ilipozidi, Chogyel aliwaambia waingie wakae karibu na jiko. Walikuja na kesho yake, na kesho kutwa. Mkubwa wao anaitwa Phulmani. Ana miaka minane, na daftari lake lilikuwa mfuko wa saruji aliokunja na kushona.

Afisa akaja kuhesabu. Kijana mdogo, viatu vimejaa tope. Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Akasoma majina, watoto saba wakaitika, akasoma la Jigdrel. Nilikuwa nimeivaa rachu yako toka nyumbani. Nikasimama.

"Hayupo, Dasho. Yuko Perth, Australia. Nilidanganya mimi, mama yake hajui lolote."

Zile nyumba mbili nazo zikasimama, moja baada ya nyingine. Afisa akakata mistari mitatu kwenye karatasi yake. Hakukasirika, alisikitika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akawatazama wale watatu.

"Na hawa?"

"Wa kambini," akasema Chogyel.

"Hawa ni watu wa India. Siwezi kuwahesabu."

Hapo nikasema, Yeshi, na sijui nilipata wapi ujasiri. "Dasho, huyo Jigdrel huko aliko amepewa dawati. Hakuna aliyemwambia yeye ni wa milima ya watu. Wetu wamehesabiwa kwao. Sisi hawa watatu wanatushinda?"

Akaitazama karatasi yake. Meme Ugyen akasema kwa nyuma, "Na hiyo barabara uliyokuja nayo, mawe yake wamevunja baba zao."

Afisa akacheka kidogo, akafungua ukurasa mwingine, akawauliza wale watoto majina yao, akayaandika. Alisema hana ruhusa ya kuamua, atalipeleka juu. Wiki iliyopita jibu limekuja: shule iendelee mpaka mwisho wa mwaka huu, halafu watatazama tena. Ni mwaka mmoja tu, lakini wale saba wanalala kwao.

Sasa Phulmani alikuwa anaweka mfuko wake chini, maana hakuna msumari wenye jina lake. Chogyel akaniuliza aanze kutoa kibao cha nani. Nikasema chetu. Nilikibandua mwenyewe, na machozi yakabanduka nacho.

Sikuombi umlete mtoto. Nataka hilo lieleweke. Ulikaa na shahada yako miaka miwili bila kazi, nilikuona, na sitakulaumu kwa kwenda. Ila pale Paro nilinyamaza kwa sababu ya watu, nami sasa nasema: nakukosa, mwanangu. Nikiwasha moto nyumbani kwako ili mbao zisioze, nakukosa zaidi.

Nisalimie Kuenga, na umshukuru Choki kwa kuibeba barua hii. Meme Ugyen anakusalimu, anasema bado hajakata tamaa na wale wanawake watano.

Haya, kifungue kitambaa. Kipigilieni hicho kibao ukutani kwenu, mahali Jigdrel anapofikia, atundike koti lake chini yake. Akikuuliza kimetoka wapi, mwambie kuna shule moja huko kwao ambako kwa wiki sita msumari ulikuwa na jina lake, na kila asubuhi watu waliupita wakiutazama.

Mwangaza uwatangulie kila mnapokwenda, na njia iwe ya kwenda na kurudi.

Wako akupendaye,
Mama mkubwa,
Nidup Zangmo