Maji Uliyompelekea Baba Yako

Mjukuu wangu Pendo, mke mwenzangu,

Miguu yako imeliwa na nini? Kila siku mabasi ya Arusha yanashusha watoto wa wenzangu na mabegi yao, wewe tu ndiye hujui njia. Mara ya mwisho ulikuja kwenye harusi, ukaniamkia kama mtu anayemwamkia karani wa kijiji, ukaenda kulala kwa watu kule Ikungi, asubuhi hupo. Babu yako angekuwa hai ningemwambia mke wake mdogo ana dharau. Lakini babu hayupo, na dharau si yako. Nagomba kwa sababu kugomba nakuweza. Kilichokufukuza nakijua.

Barua hii inaandikwa na mke wa mwinjilisti, maana mimi kalamu naishika siku ya kupiga kura tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Jumapili akina mama wakikusanyika ataisoma mbele yao, ndipo itumwe. Kosa langu nililifanya watu wakisikia, siwezi kulitubu kwa kunong'ona.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipura mtama, mimi na wewe, na makapi yanatuwasha mpaka masikioni? Mama yako alikuwa amesharudi kwao Itigi, ukawa mkia wangu. Sikusoma, lakini nilikuwa na sikio, na kila nililolisikia kanisani nilikusimulia kazini. Ulipenda ile ya tajiri na Lazaro. Nilikuwa najifanya tajiri yuko motoni, natoa ulimi nje, naomba Lazaro achovye ncha ya kidole majini aniburudishe. Wewe unachovya kidole kwenye kata, unanigusa ulimi, tunacheka mpaka baba yako anatoka ndani kuuliza kuna nini. Alikuwa anacheka na yeye. Samweli wangu alikuwa na kicheko kizuri, hata alipokuwa amelewa.

Halafu akafa, wewe uko darasa la tatu.

Wazee wa kanisa walikuja kuniuliza mimi, mama mzazi, kama azikwe kwa ibada. Alikuwa ametengwa kwa ajili ya pombe, lakini walikuwa tayari kumhurumia kama ningesema neno moja. Nilikuwa nimesimama miaka mingi mbele ya wanawake wenzangu nikiwasema wana wao walevi. Nikaona nikimpendelea wangu watanicheka. Nikasema amekufa katika ulevi wake, asiimbiwe. Hakuimbiwa. Tulimfukia kimya pale kwenye minyaa, bila msalaba, kama tunafukia mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa.

Wewe ulinishika kanga ukauliza, "Bibi, kwa hiyo baba anaungua sasa hivi?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Nikakujibu, "Ndiyo. Na wewe usiifuate njia yake."

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Tulikuwa tunachimba mchanga kwenye korongo, tunasubiri maji yajikusanye, tunachota kata kwa kata. Nikawa nakutuma na kidumu chako cha njano, kila siku kinarudi nusu. Nikasema mtoto huyu anacheza njiani. Siku moja nikakufuata. Nikakukuta umepiga magoti kaburini, upande wa kichwa, unamimina polepole ili udongo umeze. Uliponiona hukukimbia. Ulisema, "Yule tajiri aliomba tone moja tu, bibi. Mimi nampa baba nusu kidumu."

Pendo, nilikuchapa. Nilivunja kijiti cha mnyaa, utomvu ukakurukia mkononi ukakuachia alama. Nikakunyang'anya kidumu, nikakuambia maji ya huku hayafiki kule. Hukulia. Ulipangusa magoti, ukachukua njia ya nyumbani, na tangu siku ile hukuniuliza tena kitu chochote cha Mungu. Shangazi yako alipokuja kukuchukua mkaishi Arusha, ulipanda gari bila kugeuka nyuma.

Sasa nisikilize, maana hili nililificha miaka yote mpaka juzi nilipowaambia mwinjilisti na wazee, na mke wa mwinjilisti analisikia leo akiwa na kalamu mkononi. Ameacha kuandika. Nimemwambia endelea.

Baba yako hakufa katika ulevi. Ilikuwa siku ya tatu hajagusa pombe. Asubuhi ile ulishakwenda shule. Alikuja jikoni, napeta mtama, mikono inamtetemeka kama mwenye homa. Akasema, "Mama, niombee. Nimechoka na hii kitu." Mimi nilikuwa nimeshaombwa hivyo mara nyingi, nikaona ni yale yale. Sikuinua hata macho kwenye ungo. Nikamwambia, "Nenda kaoge kwanza, unanuka. Ukiwa msafi ndiyo uje."

Akaenda. Alinitii, mtoto wangu. Nilisikia maji yanamwagika, kisha sikusikia tena. Nilipokwenda kumwita nilimkuta ameanguka bafuni, sabuni iko mkononi, povu bado liko kichwani. Alikufa akijisafisha ili aje aombewe. Mimi ndiye niliyemchelewesha, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazee nikamhukumu. Ningesema ukweli wangeniuliza: wewe mama, ulimjibu nini? Nikaona bora yeye abebe.

Mwaka huu niliumwa. Ulimi ulikauka ukawa kama gome, sauti haitoki. Jirani akachovya kitambaa majini akanilowanisha midomo. Ndipo nilipokiona kidole chako kidogo kwenye ile kata. Nikasema, kumbe katika nyumba ile aliyeielewa habari ya Lazaro alikuwa mtoto. Mimi nilikuwa yule tajiri, nimeketi mezani, mtu wangu yuko mlangoni ananiomba.

Nilipopata nguvu nilimwita mwinjilisti, nikamweleza yote, nikamuuliza kama moto upo. Akasema upo, imeandikwa, na hukumu ipo. Nikamuuliza kama Samweli yumo. Akasema, "Bibi, hilo halijaandikwa mahali. Yule mwizi msalabani alisema maneno machache tu, akaambiwa leo hii utakuwa nami peponi. Samweli naye alisema yake, tena akanyanyuka akaenda kuoga."

Basi sikuambii jehanamu haipo. Mimi ni Mkristo, na tangu niyajue niliyoyafanya naiogopa kuliko zamani. Nakuambia tu kwamba sikupewa ufunguo wake, na nilimfungia baba yako kwa mdomo wangu. Neno lile nalirudisha. Shangazi yako anasema mwanao akikuuliza babu yuko wapi unabadilisha mazungumzo. Mwambie babu yake aliomba, na Mungu si kama bibi, hamwambii mtu akaoge kwanza.

Wazee nimeshawaambia. Wamekubali aimbiwe na awekewe msalaba. Nimewaambia hapana, msianze, anayengojewa yuko Arusha.

Ukija, sukari usibebe, kitenge usibebe. Kile kidumu cha njano ninacho, nilikuwa natilia mafuta ya alizeti miaka yote hii, sasa nimekisugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu imekwisha. Nitakiacha kwa mama muuza chai pale mnaposhukia basi. Mkabidhi mwanao akishike. Nyumbani msianzie. Piteni korongoni, mchote, mkijaze mpaka shingoni, mje moja kwa moja kwenye minyaa. Mtanikuta nimekaa hapo. Shikamoo yangu iache kwanza. Piga magoti upande wa kichwa, mimina, nami safari hii nitakushikia mfuniko.

Ni mimi bibi yako,
mama yake Samweli.