Futari Iliyotangulia Jua

Maskati,
Mfunguo Mosi.

Baba yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Shikamoo, na mkono wako naubusu kutoka huku mbali. Goti linaendeleaje? Mama ameipata ile dawa ya macho? Mimi mwili mzima, kazi ya kutengeneza simu inakwenda, na joto la huku limeshaanza kutuchoma. Moyo ndio si mzima, na sababu unaijua. Kwenye simu kila nikitaka kuisema unanikatiza kwa habari za mihogo. Basi nimeandika, na Bi Asha anayerudi huko kwetu Kiuyu ameahidi kukupa barua hii mkononi mwako.

Kile kikompyuta, kisichozidi kipande cha sabuni, nilikifunga msikitini ili macho yako yapumzike. Kikilia kwa saa ya sala, unashika kipaza sauti, unaadhini. Mwaka mzima hakikukosea. Siku ile ya Ramadhani nilikuwa dukani na mwenzangu, kijana wa Unguja mwenye maneno mengi. Nikamwonyesha kwamba naweza kukiendesha kwa mtandao nikiwa huku huku. Akacheka, "Lo! Mpemba kawa injinia!" Nikavishwa kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa nivikwe vizuri. Nikataka kumwonyesha zaidi, nikaanza kupakia programu mpya ya kuandika saa za sala kwa herufi kubwa.

Programu ile ikavuta nyingine nyuma yake, na za zamani nazo zikataka kusasishwa. Kabla ya kuendelea, mashine ikauliza: hii mipangilio ya mahali na saa uliyoiandika mwenyewe, niifute niweke ya watengenezaji? Swali hilo ni la kusoma mara mbili, Baba. Fundi mwenye adabu kwanza hunakili kadi yote ya kumbukumbu ya mashine, nakala ikakaa pembeni, akasoma, ndipo akajibu; wala hafanyi hayo mchana wa Ramadhani kwenye mashine inayotegemewa na watu. Nayajua, tena nawafundisha wengine. Lakini nilikuwa nacheka na mwenzangu, nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Pemba ikafutika mle ndani, ukaingia mji wa watu ambao jua lake huwahi kuzama.

Yaliyofuata nimeyapata kwa dada Mwanaidi. Mvua ilikuwa imefunga, na hakuna aliyeliona jua. Kikalia. Jirani yetu Mzee Makame akakuuliza, "Bwana Faki, mbona leo mapema?" Nawe ukamjibu, "Cha Hamadi kishalia. Mwanangu hanidanganyi mie." Ukaadhini. Watu wakala tende, wakanywa uji, na bakuli zi mikononi mwao ndipo wakawasikia jirani zetu wa Mgogoni wanaadhini magharibi.

Kila nikilikumbuka neno lako hilo, natamani ardhi ipasuke nizame. Ungenitukana ningepata nafuu.

Nilikupigia siku ile ile nikakueleza kwamba kosa ni langu. Ukasema, "Nshasikia," ukakata. Kumbe kesho yake ukasimama mbele ya watu ukasema, "Aloadhini ni mie. Kosa langu. Kila mtu alipe siku yake." Hukunitaja. Na sasa Mwanaidi ananiambia wapo wanaosema macho ya mzee yamekwisha, atafutwe muadhini mwingine. Sauti iliyoniamsha alfajiri tangu utoto wangu, leo itolewe msikitini kwa upuuzi wangu! Naona haya, Baba. Naona haya zaidi kwamba wewe unasemwa na mimi huku natembea kichwa juu, hakuna anayenijua.

Pemba nimeshairudisha mle ndani, lakini king'oe waya mpaka nije mwenyewe. Nisijiamini kwa mbali tena.

Nisalimie Mama, aliyeifunga siku ile kwa taabu na maradhi yake, na sasa inambidi ailipe. Mwambie sijui nianze wapi kumwomba radhi. Nisalimie dada Mwanaidi, asiyenificha kitu. Nisalimie Mzee Makame, umwambie swali lake lilikuwa la haki.

Na hili ni ombi, Baba, si amri. Ijumaa, watu wakishasali na kabla hawajatawanyika, mpe Maalim wetu wa msikitini barua hii awasomee kwa sauti, asiruke neno. Najua utataka kuikunja uitie mfukoni. Usinisitiri tena. Waambie aliyewafuturisha kabla ya jua kuzama ni mwanao.

Ni mimi,
Hamadi wako.